Maumivu Yasiyo na Shahidi

Jeraha lina bahati moja: huonekana. Mwenye mguu uliovunjika haulizwi kama anaumwa. Watu humpisha njiani, humpa kiti, na kazi zake hufanywa na wengine. Lakini yako maumivu yasiyo na damu, uvimbe wala kovu. Mwenye maumivu hayo hubeba mizigo miwili: wa kwanza ni ugonjwa, wa pili ni kutosadikiwa. Je, tuna wajibu gani kwa mtu asemaye kuwa anaumwa, ikiwa macho yetu na vyombo vyetu havioni kitu?

Mishipa ya fahamu ina nyuzi za namna nyingi. Nyuzi nene huongoza misuli na kupeleka habari za mguso. Nyuzi nyembamba hupeleka habari za maumivu, joto na baridi. Na nyingine katika hizo hutawala mambo tusiyoyaamuru kwa hiari, kama jasho, mapigo ya moyo, na msukumo wa damu tusimamapo. Nyuzi hizi zikiharibika, nyayo zaweza kuwaka kama zilizokanyaga makaa, na mara nyingi moto huo huzidi usiku. Kisukari, ukoma, virusi vya UKIMWI na dawa fulani vyaweza kuziharibu.

Homa Bay na Migori, kaunti mbili za kando ya Ziwa Viktoria, ni miongoni mwa sehemu za Kenya zilizopigwa sana na UKIMWI. Mwaka 2001 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya ugonjwa huo huko Homa Bay. Watu waliokwisha kukatiwa tamaa walirudi shambani, sokoni na ziwani. Miongoni mwa dawa zilizotumiwa nchini Kenya miaka ile ilikuwamo stavudini. Bei yake ilikuwa nafuu, nayo iliokoa maisha ya wengi; lakini baadhi ya walioimeza iliwaharibia mishipa ya fahamu ya miguu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiache hatua kwa hatua.

Tumfikirie, basi, mama mmoja mchuuzi wa omena wakati ule. Dawa imemrudishia uhai, lakini nyayo zake zawaka. Akilalamika, jirani humwambia, "Dada, mshukuru Mungu, mwaka jana tulikuwa tukikulilia." Je, shukrani yamnyima haki ya kusema? Hasha! Aliyeopolewa majini, mkono wake ukateguka, hamtukani mwopoaji asemapo kuwa mkono wamwuma. Tena kunyamaza kwake ni hatari, kwa kuwa daktari asiyeambiwa habari hana sababu ya kubadili dawa.

Yawezekana mama huyo akapimwa, akaambiwa kuwa ni mzima. Kipimo cha umeme cha mishipa ya fahamu hupima nyuzi nene; mtu aweza kukishinda huku anaungua. Kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 3, kikatwacho juu ya kifundo cha mguu na nyuzi zake kuhesabiwa kwa hadubini, chaweza kufichua ukweli. Lakini chataka maabara na ustadi usiopatikana katika kila hospitali.

Hata hivyo, uhaba wa vyombo si udhuru wa kutopima. Ncha ya kijiti na chombo cha baridi vyaweza kuonyesha kama ngozi imepoteza hisi. Mtu aweza kulazwa kwa dakika 5, apimwe msukumo wa damu, kisha asimame na kupimwa tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10 au zaidi, hiyo ni dalili ya kuchunguzwa.

Yuko atakayesema kuwa wako wagonjwa waongo. Ni kweli, wako. Lakini tupime makosa mawili. Ukimsikiliza mwongo, umepoteza saa moja. Ukimkana mkweli, umemnyima msaada na heshima, na umemfundisha kunyamaza. Wala kusadiki si kuacha kupima, bali ndiko kunakotutia bidii ya kupima. "Sikuona" ni neno la unyofu. "Hakuna" ni hukumu. Asiyeona asijifanye hakimu.

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi maumivu hayakosi shahidi. Anaye mmoja, naye ni mwenye kuumwa. Ushahidi wake waweza kupimwa, kuulizwa na kulinganishwa, lakini usifukuzwe kabla ya kusikilizwa. Nawe, msomaji kijana, mwenzako asemapo kuwa miguu yamwuma, au bibi yako akatazapo usingizi usiku, usimwulize, "Mbona sioni kitu?" Mwulize, "Wapi, na tangu lini?"