Mama Aliyeuweka Moto Nje

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akisoma kwamba mama "put out the fire", ana kila sababu ya kumwona mama huyo amebeba moto akauweka uani. Alifundishwa kwamba "put" ni weka na "out" ni nje, na hakusahau. Kumbe mama ameuzima. Kitenzi hichohicho kikifuatwa na "on", mtu amevaa shati. Kikifuatwa na "off", mkutano umeahirishwa. Na mgeni anayekuomba "put me up" haombi kuinuliwa, anaomba pa kulala.

Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake ya Kiingereza jijini London mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii huwatesa sana wageni. Mwalimu anayetaka kumwita mtoto mzito wa kichwa kwa sababu ya "put off" amkumbuke kwanza mzee huyo.

Hili linanigusa kwa sababu mtoto wa shule ya serikali Tanzania hutoka kusoma masomo karibu yote kwa Kiswahili, akaingia sekondari na kukuta baiolojia na jiografia vimegeuka Kiingereza. Juu ya mzigo huo anapewa orodha ndefu ya vitenzi akariri. Nasi kwa Kiswahili tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga magoti, tunapiga hodi, bila kumpiga mtu. Nani aliijua misemo hiyo kwa orodha? Tuliona nguo ikinyooshwa, tukasikia mama akisema.

Jioni moja mpwa wangu alikuwa anahangaika na orodha yake, nikamwambia, "Mjomba, funga daftari, twende jikoni." Akavaa sweta, akasema kwa Kiingereza alichofanya. Akamwagia makaa maji, yakalia chwaa, akasema tena. Tulipofika "put up with" hapakuwa na kitu cha kushika. Akanyamaza kidogo, kisha akatunga sentensi: bibi yake anamvumilia jirani anayefungulia muziki usiku kucha. Sikuwa na la kuongeza.

Najua mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kuwapeleka wote jikoni. Lakini anaweza kuchukua kitenzi kimoja kwa juma, akamtaka kila mwanafunzi alete sentensi moja juu ya jambo lililotokea nyumbani kwao, zikasomwa kwa sauti kabla ya kipindi kuanza.