Je, Maadumu ni Kitu?

Juzi, nilipokuwa nikitayarisha hesabu za uchunguzi wa kaya ambao wadodosaji wake walikuwa hawajabisha hodi hata mlango mmoja, niliiamuru kompyuta, kwa lugha ya R waliyoibuni Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, inifanyie jedwali la safu wima 212 lisilo na safu mlalo hata moja. Nayo ikatii, na nilipoiuliza vipimo vyake ikajibu: 0, 212. Hamna mtu, hamna nyumba, hamna hata mbuzi wa kamba. Na hata hivyo halikuwa sawa na jedwali tupu la safu wima 5. Vipi basi utupu uhitilafiane na utupu mwenziwe?

Wanazuoni wa ilimu ya kalam, yaani ilimu ya kujadili itikadi za Kiislamu, walikwisha kulijadili suala hili zamani. Muutazila wa Basra walishika kuwa maadumu, yaani kile ambacho hakijaletwa katika wujudi, ni kitu, tena chenye sifa zake za dhati. Waashaari, ambao masheikh wengi wa mwambao wetu huwafuata katika itikadi, wakakanusha, wakasema kuwa kitu ni kilichopo, basi.

Mimi ni wa upande wa Waashaari, wala sikusudii kuhama, lakini nakiri kuwa nilitikisika. Niliuliza jinsi ya safu zile, nikaambiwa zote ni za ndiyo na siyo, hali mimi nilikusudia umri na majina: kumbe, kwa kuwa sikutaja sifa, kompyuta iliazima jinsi ya NA, alama yake ya kisichojulikana. Nikaitaka ijumlishe safu moja tupu, ikasema 0. Izidishe, ikasema 1. Nikauliza kama wote waliomo wamekubali, ikasema kweli, na kama yupo hata mmoja aliyekubali, ikasema uongo.

Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa jedwali, kwa Kiarabu, ni kijito pia. Mfereji uliochimbwa kabla ya mvua hauna maji, lakini una mchimbaji. Na kilichokuwapo katika jedwali langu hawakuwa wale watu wasiododoswa bado, bali maswali yangu mimi, yaliyokwisha kuamua wapite wapi.

Jana ikaja safu mlalo ya kwanza. Bibi mmoja, alipoulizwa mkuu wa kaya ni nani, alijibu kuwa ni yeye na dada yake, kwa zamu. Ikanibidi nifungue safu wima ya 213.