Umri Mrefu ni wa Nani?

Kwa muda mrefu watu wa mijini wameinua macho milimani kutafuta siri ya umri. Walisifiwa wazee wa Vilcabamba, Ekuado, hata uchunguzi wa miaka ya 1970 ukabainisha kuwa umri wao ulitiwa chumvi. Nasi tunayo Ngorongoro, na chini yake Karatu. Katika miaka ya 1960 daktari Mmarekani, George Mann, aliwapima Wamasai wa Tanganyika waliokula maziwa na nyama kwa wingi, akakuta lehemu kidogo damuni mwao. Kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe huishi kwa mizizi, asali, mawindo na ubuyu, tunda lile lile ambalo sisi wa visiwani hulitia sukari na rangi. Wengi wao waliovuka utoto hufikia uzee, na mioyo yao ni mizima. Mtu wa mjini husikia hayo akauliza: mizizi hiyo yauzwa wapi?

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Watafiti walikuta kwamba karibu nusu ya watoto wa Kihadzabe walifariki kabla ya kutimiza miaka 15. Je, ni uadilifu kukisifu chakula cha watu, huku tukiyanyamazia makaburi ya watoto wao? Anayetamani siha ya mzee wa Eyasi bila kumtakia mjukuu wake chanjo na zahanati, hakuwapenda watu wale. Amewageuza dawa yake.

Liko jambo jingine, nalo ndilo zito zaidi. Kristen Hawkes na wenzake, waliokaa na Wahadzabe tangu miaka ya 1980, waliwaona mabibi wakichimba mizizi kutwa kwa mti uliochongwa ncha. Mama alipojifungua tena, uzito wa mtoto aliyetangulia ulitegemea juhudi ya bibi yake. Bibi yule hakuulizwa amebakiwa na miaka mingapi. Alingojwa arudi na chakula.

Utu uzima dawa, wahenga walisema. Dawa hiyo, ewe msomaji, hunywewa na nani? Tumezoea kuuliza wenye umri mrefu hula nini. Swali la haki ni hili: humlisha nani? Umri unaomlinda mwenyewe tu ni hesabu ya siku. Umri unaomkuza mtoto wa mwingine ndio maisha.