Pumzi ya Mwendo wa Pole

Alfajiri kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Iten utawaona wakimbiaji wenye medali wakienda polepole kiasi kwamba mtoto wa shule angeweza kuandamana nao. Mgeni hushangaa. Mwenyeji wa Eldoret, mji ulio kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, anajua pumzi haijengwi kwa pupa.

Mpiga hamonika ya bluzi ana somo hilohilo. Chukua hamonika ya matundu 10, ya ufunguo wa C. Wapigaji wa bluzi huipigia katika G, kwa kuwa huko noti zenye uchungu ziko upande wa kuvuta pumzi, si wa kupuliza. Tundu la 3 likivutwa hutoa B, na chini yake zimejificha noti 3 zaidi, kila moja nusu hatua chini ya mwenzake. Anayeanza huzitafuta kwa nguvu, mashavu yakabonyea, jirani akafunga dirisha. Lakini noti hizo hupindwa kwa umbo la kinywa: ulimi urudi nyuma kidogo, koo lilegee, pumzi ianzie tumboni. Little Walter, mpiga hamonika aliyerekodi kibao cha Juke mwaka 1952, anasikika kama mtu asiye na haraka hata anapokimbia.

Basi leo usipige wimbo. Ukingoja matatu ijae, vuta tundu la 2 peke yake, taratibu, mpaka lisikike safi bila tundu la jirani kudakia.