Tangi Lililojazwa Ng'ambo ya Mto

Wasserbillig ni mji mdogo wa Luxemburg kando ya mto Mosel, unaotazamana na Ujerumani. Kinachoonekana kwanza hapo ni vituo vya mafuta, kimoja kikifuatana na kingine, vingi kupita mahitaji ya wakazi wake wote. Wateja ni watu wa kupita: Wajerumani wanaovuka daraja kujaza tangi na kurudi kwao, madereva wa malori, na ikifika kiangazi, Waholanzi na Wabelgiji wenye magari-nyumba wanaoteremka kusini na kitanda, jiko, choo na akiba ya maji humo humo garini. Tumchukue mmoja wa hao wa mwisho. Amejaza tangi pomoni, akaingia Ujerumani upande wa Trier, akaendesha kilomita 500 hivi mpaka Austria, na njiani hakununua hata lita moja. Je, amemdhulumu mtu? Sheria inajibu upesi kwamba hapana. Ndani ya Umoja wa Ulaya, mafuta yaliyo katika tangi la kawaida la gari hayatozwi ushuru mara ya pili yanapovuka mpaka. Hata hivyo, si kila deni lina mdai anayeweza kwenda mahakamani. Ninachotetea hapa ni kwamba msafiri huyu anadaiwa, kidogo lakini kweli, na kwamba deni hilo hilo ndilo linalompa haki ya kuhesabiwa na wenyeji kama mmoja wao anaposimama mbele ya pampu.

Bei ya lita moja imebeba mambo mengi zaidi ya mafuta. Umoja wa Ulaya umeweka kima cha chini cha ushuru: senti 33 za euro kwa lita ya dizeli na senti 35.9 kwa petroli, na kila nchi iko huru kupanda juu ya hapo. Ujerumani hutoza senti 47.04 kwa dizeli na 65.45 kwa petroli, kisha VAT ya asilimia 19 juu ya jumla. Ushuru wa dizeli wa Luxemburg kwa miaka mingi ulikaa karibu na kile kima cha chini, na VAT ya nchi hiyo ya asilimia 17 ndiyo ndogo kuliko zote katika Umoja huo. Kodi ya kaboni ya Luxemburg iliyoanza mwaka 2021 imepandisha bei yake bila kulifuta pengo. Sasa, magari-nyumba mengi ya Ulaya hujengwa juu ya Fiat Ducato, na gari la namna hiyo likishabeba maji, vyombo na baiskeli hunywa lita 10 hadi 12 kwa kilomita 100. Safari ya kilomita 500 ni lita 55 hivi, na ushuru wa Ujerumani kwa lita hizo ungefika kama euro 26, mbali na VAT. Barabara kuu za Ujerumani hazitozi chochote kwa magari madogo wala magari-nyumba. Hakuna stika ya kioo cha mbele kama Uswisi, wala vizuizi vya kulipia kama Ufaransa na Italia. Asiyenunua mafuta, basi, amepita juu ya lami iliyotengenezwa na wengine, akilindwa na polisi wa barabarani na magari ya wagonjwa yaliyokuwa tayari kwa ajali ambayo haikumpata, na hakuchangia senti.

Atakayebisha atasema kwamba kodi hiyo haiendi yote barabarani. Ni kweli. Kenya tozo ya matengenezo ya barabara ina jina lake, na ilipopandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, mwenye bodaboda aliambiwa wazi anakatwa kwa ajili ya nini, hata kama ana maoni yake kuhusu fedha zinakoishia. Ujerumani ushuru wa mafuta huchanganyika na mapato mengine ya serikali. Lakini pingamizi hili linalikuza deni badala ya kulifuta, kwa kuwa mpita njia hatumii lami peke yake. Anatumia amani ya nchi, hospitali zake, utabiri wake wa hali ya hewa, na mahakama ambazo zingemsikiliza kama angegongwa. Mfuko unaogharimia hayo yote ndio mfuko ambao hakuutilia kitu.

Wanafalsafa wamelizungukia jambo hili kwa muda mrefu. John Locke, katika kitabu chake kuhusu serikali kilichotoka mwaka 1689, alidai kwamba hata mtu anayepita tu katika njia kuu ya nchi amekwisha kuridhia mamlaka ya nchi hiyo kwa muda anaoipita. Naona Locke alibebesha barabara mzigo mkubwa mno. Kupita njia si kula kiapo. Karibu zaidi na ukweli ni hoja ya H. L. A. Hart ya mwaka 1955: watu wakijifunga kwa kanuni fulani na kujinyima ili kazi ya pamoja ifanyike, anayefaidi kujinyima kwao anawajibika kujinyima kwa zamu yake. Hapa deni halitoki katika ridhaa ya kubuni. Linatoka katika manufaa yaliyopokewa. Robert Nozick aliipinga mwaka 1974 kwa mfano wa majirani waliofunga vipaza sauti mtaani na kupangiana siku za kuburudisha wengine: je, kwa kuwa umesikiliza muziki wao dirishani, ni lazima nawe utoe siku yako? Swali zuri, lakini linamhusu mtu aliyeletewa manufaa nyumbani kwake bila kuyaomba. Mwenye gari-nyumba hakuletewa barabara ya Ujerumani. Aliitafuta kwenye ramani, akailinganisha na ile ya Ufaransa yenye malipo, akaichagua kwa sababu ni ya bure.

Kuna pingamizi lenye nguvu zaidi: mgeni huchangia kwa njia nyingine. Hula mkahawani, hulala hotelini, hununua jibini la zawadi, na kila mara hulipa VAT. Kwa watalii wengi jibu hilo linatosha. Gari-nyumba limebuniwa kuondoa mahitaji hayo hayo. Mwenyewe hulala ndani yake, hupika ndani yake, na mara nyingi amelijaza vyakula kabla ya kutoka kwao. Katika nchi anazozipita haraka, pampu ndiyo inayobaki kuwa mahali pekee ambapo yeye na wenyeji hukutana kama washiriki wa jambo moja. Akiiruka, amekuwa mtu aliyepita sebuleni kwa watu bila kuamkia. Wala simaanishi ahesabu hadi tone la mwisho. Anayenunua katika kila nchi kiasi kinachokaribiana na anachokichoma humo amelipa, na hakuna haja ya daftari.

Lakini tangu lini kununua pa rahisi kukawa kosa? Mfanyabiashara mwenye nafuu kwa sababu anaendesha kazi vizuri anastahili mteja wake, na kituo cha supermaketi ya Ufaransa kinachouza chini ya kile cha barabara kuu hakimwibii mtu. Unafuu wa Wasserbillig ni wa namna nyingine. Umetokana na nchi ndogo kutoza kidogo juu ya kilomita zitakazoendeshwa katika nchi nyingine, ikipokea mapato huku uchakavu ukibaki kwa jirani. Ushahidi wa jambo hili unapatikana hata katika hesabu za hewa ya ukaa. Kanuni za kimataifa huhesabu moshi wa magari mahali mafuta yalipouzwa, hivyo Luxemburg huonekana katika takwimu kama nchi ya watu wachafuzi kupindukia, ilhali sehemu kubwa ya moshi huo ulitoka katika mabomba ya magari yaliyokuwa kwingine. Kama hesabu ya lawama inapotoshwa na mahali pa pampu, sioni kwa nini hesabu ya shukrani isipotoshwe vilevile. Na anayejitetea kwamba euro 26 zake hazionekani katika bajeti ya dola anasema kweli isiyomsaidia, maana ndivyo ilivyo kwa kila mlipakodi aliye peke yake, pamoja na mkazi wa Trier anayejaza tangi lake kwao.

Hadi hapa nimemwelemea mgeni. Sasa zamu ya mwenyeji, na hapa mifano ni mingi zaidi. Novemba 2021 serikali ya Hungaria iliweka kikomo cha bei ya mafuta, forinti 480 kwa lita. Bei za dunia zilipopaa baada ya vita vya Ukraine kuzuka, magari ya nchi jirani yakajaa vituoni, na kuanzia 27 Mei 2022 bei ya kikomo ikawa ya magari yenye namba za Hungaria peke yake. Mwenye namba za kigeni alilipa bei ya soko. Julai mwaka huo Tume ya Ulaya ilianzisha hatua za kisheria kwa madai ya ubaguzi, na Desemba kikomo chenyewe kikaondolewa. Wahungaria walikuwa na hoja. Unafuu ule haukutoka mbinguni, uligharimiwa na nchi yao, na kwa mantiki yangu mwenyewe, anayevuka mpaka kuchota asichokichangia ni sawa na mteja wa Wasserbillig. Nakubali kuhusu mchotaji. Sikubali kuhusu kigezo kilichotumika kumtambua. Namba za gari zinaeleza mtu anatoka wapi. Hazielezi anakwenda wapi. Mwenye gari-nyumba wa Poland anayezunguka ziwa Balaton kwa wiki mbili anachoma mafuta yake Hungaria, na alilipishwa zaidi. Raia anayejaza tangi akaenda nalo hadi bahari ya Croatia alipata nafuu. Kama nia ilikuwa kuzuia uchotaji, kikomo cha lita kwa kila gari kingewabana wote kwa kipimo kimoja.

Ujerumani ilikosea kwa njia ya ustaarabu zaidi. Ilitunga sheria ya kutoza magari madogo na magari-nyumba kwa matumizi ya barabara kuu, kisha ikawapa wenye magari yaliyosajiliwa nchini nafuu ya kiasi hicho hicho katika kodi yao ya gari. Kwenye karatasi kila mtu analipa, mfukoni analipa mgeni. Austria ilishtaki, na tarehe 18 Juni 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba huo ni ubaguzi. Malalamiko ya Wajerumani kwamba wageni hupita bure yalikuwa ya haki, na ndiyo niliyoyatetea hapo juu. Tiba yao haikuwa ya haki, maana ilimgeuza mgeni kutoka mdaiwa kuwa mlipaji pekee. Kutombagua mgeni ni kanuni ya kale: Torati iliagiza sheria moja kwa mgeni na mzaliwa. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza desturi ya mfanyabiashara mgeni kukaa kwa mwenyeji aliyemsimamia katika biashara, na kwamba aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia bila mwenyeji wake kuwapo, mauzo yake yalihesabiwa batili. Mji wa bandari ulijua kwamba bei ikianza kutazama sura ya mtu, soko limekwisha.

Kwa upande wa dini, pingamizi zito ni kwamba msafiri ni wa kusaidiwa, si wa kudaiwa. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba inamtaja msafiri miongoni mwa makundi manane yanayostahili zaka. Wanazuoni wamefafanua kuwa anayekusudiwa ni aliyekatikiwa njiani, hata awe tajiri kwao, kwa kuwa mali yake haimfikii pale alipo. Mwenye gari-nyumba kwa kawaida si huyo. Lakini anaweza kuwa huyo kwa saa moja, na vituo visivyo na mhudumu vimeifanya saa hiyo kuwa jambo la kawaida. Usiku au Jumapili katika mji mdogo wa Ufaransa, pampu ya supermaketi hudai kadi kabla ya kutoa tone, hushikilia kwanza kiasi kinachoweza kuzidi euro 100, na pengine huikataa kadi ya benki ya kigeni bila maelezo. Mtu ana fedha na mafuta yapo chini ya miguu yake, lakini hakuna binadamu wa kumweleza. Tofautisha na Ujerumani, ambako kwa kawaida mtu hujaza kwanza kisha huingia ndani kulipa, na keshia humwamini kwa dakika tano ingawa hamjui. Nchi inayomdai mgeni mchango inapaswa pia kumwachia mlango wa kuutolea, na mashine inayomkataa imempa udhuru ambao nisingeukubali kwingine.

Nyuzilandi imelikata tatizo la mpita njia asiyechangia kwa njia ya moja kwa moja. Dizeli yake haina ushuru wa barabara pampuni. Mwenye gari la dizeli hununua kibali cha kilomita, na mtalii aliyekodi gari-nyumba la dizeli hutozwa na kampuni ya kukodisha kwa umbali aliokwenda. Wapo watakaoona kwamba mpango huo unamnyima msafiri nafasi ya kutenda wema kwa hiari. Mimi ningeuchagua, ingawa unaniharibia makala. Mwenye kuziba mashimo hahitaji kujua kama aliyelipa alilipa kwa imani au kwa mita, na tayari kuna magari-nyumba ya umeme yanayoweza kuvuka nchi bila kusogelea pampu yoyote.