Redio Milioni 10 Zilizosubiriwa

Tarehe 20 Machi 2020 Uganda ilifunga shule zake zote kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wengi wetu tulidhani ni jambo la mwezi mmoja. Watahiniwa waliitwa Oktoba mwaka huo, madarasa mengine yakarudi kwa zamu mwaka uliofuata, kisha Juni 2021 milango ikafungwa tena. Siku shule zilipofunguliwa kwa wote, tarehe 10 Januari 2022, zilikuwa zimepita wiki 83 za shule kufungwa, zote au baadhi. Hakuna nchi duniani iliyofunga kwa muda mrefu kuliko huo, na wanafunzi karibu milioni 15 waliathirika.

Nakisimulia kisa hiki kwa ajili ya wanaoanzisha programu za watoto kabla na baada ya saa za shule hapa Kampala. Nasikia swali la kwanza likiwa ni lilelile: tutanunua vishikwambi vingapi?

Mwaka 2020 nasi tulianza na hesabu ya vifaa. Rais Museveni aliahidi redio milioni 10 kwa ajili ya kaya za nchi nzima, na televisheni mbili kwa kila kijiji, jumla 137,466. Masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni, na mengine yakachapwa magazetini. Nia ilikuwa njema, sina shaka nayo. Lakini shule zilifunguliwa ahadi ya redio ikiwa bado haijatimia.

Tuseme basi zingefika zote. Je, mtoto wa mitaa ya Kampala kama Bwaise au Katwe angesoma? Hapo ndipo tulipopaswa kutazama, maana dalili zilikuwa mbele ya macho yetu tangu wiki za kwanza.

Wachuuzi wa vyakula waliagizwa walale sokoni ili wasipeleke ugonjwa nyumbani. Akina mama wa soko la Nakasero walitandika chini na kufunga vyandarua kati ya meza za mboga. Simu ya familia ilikuwa wapi usiku ule? Ilikuwa na mama, kwa sababu ndiyo iliyopokea pesa za biashara na oda za wateja. Mwalimu aliyetuma zoezi kwa WhatsApp alimtumia mama aliye sokoni, na mtoto akabaki nyumbani na wadogo zake. Jambo hili halikuhitaji mtaalamu kuligundua. Ilitosha kuuliza simu ni ya nani, na inashinda wapi.

Gharama nayo ilisema mapema. Tangu Julai 2018 Mganda alikuwa akilipa shilingi 200 kwa siku ili atumie mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwemo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Julai 2021, shule zikiwa zimefungwa kwa mara ya pili, kodi ile ya kila siku iliondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando. Sheria ilitaja msamaha kwa huduma za elimu, lakini mzazi anayenunua bando la kawaida kibandani hakuna anayemuuliza kama ni la somo la hesabu au la kumsalimu shangazi. Mkono mmoja wa serikali ulimwambia mtoto asome kwa mtandao, mwingine ukapandisha bei ya mtandao huo.

Dalili iliyoniuma zaidi ni ya tatu. Redio inasema, haisikii. Mtoto wa darasa la pili aliyeshindwa kugawanya hawezi kuinua mkono. Katika chumba kimoja cha kupanga, wanamolala watu sita, mtangazaji anafundisha huku sufuria ikichemka na mtoto mchanga akilia, na mtu mzima wa kusema "hebu turudie hapo" hayupo. Tulihesabu redio, tukahesabu televisheni. Watu wa kukaa na mtoto hatukuwahesabu.

Agosti 2021 Mamlaka ya Taifa ya Mipango ilionya kuwa asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi kabisa. Wakati huo wasichana wengi walikuwa wameshapata mimba au kuozwa, na wavulana walikuwa kwenye matofali, kwenye uchuuzi, kwenye migodi. Onyo lilitoka wakati madhara yameshakuwa makubwa.

Ndugu msomaji, tusiwalaumu viongozi peke yao. Nami ni mzazi, na najua jinsi kifaa kipya kinavyotuliza moyo. Ukimkabidhi mtoto simu saa kumi na moja jioni unahisi umetimiza wajibu, kumbe umejipatia nafasi ya kupumua tu. Yeyote kati yetu anaweza kujikwaa hapo, na mwenye mradi wa mamilioni anajikwaa vilevile.

Vifaa vina kazi yake. Kishikwambi chenye hadithi zilizopakiwa, kisichodai bando, mikononi mwa watoto watatu wanaobishana juu ya jibu huku mtu mzima akiwasikiliza, kinasaidia kweli. Basi wewe unayepanga programu ya jioni katika mtaa wako, tembelea kwanza nyumba za watoto hao. Jua wanarudi saa ngapi, nani anawapokea, umeme unalipwa na nani. Na kama fedha uliyo nayo inatosha jambo moja tu, nakusihi umlipe mtu atakayekaa nao kila jioni, vishikwambi uvinunue muhula unaofuata.