Kuutawala Mwili
(1 Wakorintho 9:24–27)

Karibu na Korintho palikuwa na mashindano kila mwaka wa pili, na mshindi alivikwa taji ya majani ya msonobari. Majani hunyauka, walakini kwa ajili yake watu walijinyima raha nyingi. Mtume Paulo aliwaandikia watu walioyajua hayo.

Nasi tunao mfano. Mwaka 1968, katika mbio ndefu za Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka, akaumia goti. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57. Naye alimaliza wa mwisho, giza limekwisha kuingia, akichechemea na kitambaa mguuni.

Nguvu ya namna hii haipatikani kwa siku moja. Hukusanywa kila alfajiri mtu aukataapo usingizi. Vivyo hivyo, asiyeweza kuliacha kata moja la pombe, wala kuuzuia ulimi nyumbani mwake, atasimamaje siku ya kujaribiwa?

Hatujinyimi ili tununue wokovu. Huo tumepewa bure. Twajinyima kwa kuwa mtumwa wa tumbo hana nafasi ya kumtumikia Bwana. Basi, mwalimu uwafundishaye wengine, anza na mwili wako mwenyewe. Paulo naye aliogopa kuwahubiri watu, kisha yeye akataliwe.